Upindo wa Vidole Vinne

Februari ya mwaka juzi nilirudishwa nyumbani kutoka kazini kwa sababu ya sketi. Haikuwa fupi. Ilipita goti, ilikuwa ya pamba, rangi ya majani makavu, na ilikuwa na mifuko miwili ambayo fundi wangu alikubali kuiweka baada ya kubembelezwa sana. Kosa lake ni kwamba haikuwa sketi iliyotajwa kwenye waraka mpya wa mavazi wa ofisi yetu: nyeusi au bluu iliyokolea, iliyonyooka, yenye bitana, ya kuvaliwa na soksi ndefu za nailoni.

Anayeijua Dar es Salaam ya Februari hahitaji kuelezwa zaidi. Kaskazi inaelekea ukingoni, masika hayajafika, joto la mchana linacheza kwenye nyuzi 32 na 33, na hewa ina maji kiasi kwamba kanga iliyoanikwa jioni, asubuhi bado ina ubichi. Nilikuwa nimejitahidi kuivaa sketi ya waraka kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza ilinipa harara kiunoni. Ya pili ilinichubua mapaja, nikawa natembea kutoka kituo cha daladala kama mtu aliyeshuka kwenye punda sasa hivi. Ya tatu umeme ulikatika siku mbili mfululizo, kiyoyozi kikazima, na nikajikuta nimejifungia chooni, soksi nimezivua, najipepea miguu kwa faili. Kesho yake nikavaa ya pamba. Saa nne asubuhi nilikuwa barabarani na barua ya onyo mkononi.

Sikwenda kwangu. Nilikwenda Magomeni kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

Nilimpa barua. Aliisoma yote, pamoja na tarehe na namba ya kumbukumbu, kwa sababu alikuwa karani wa kupiga taipu kwa zaidi ya miaka ishirini na hawezi kuiacha barua njiani. Alipomaliza aliniambia nimtolee sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Humo, chini ya doti za kanga zilizokunjwa, kulikuwa na sketi ya poplini rangi ya chungwa. Nilidhani anataka kunipa nivae.

"Itazame kwanza," alisema. "Tazama huku chini."

Juu kidogo ya upindo kulikuwa na mstari ulioizunguka sketi yote, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Juu ya mstari rangi ilikuwa imepauka. Chini yake, kwa upana wa vidole vinne, chungwa lilikuwa bado linawaka. Aliyewahi kushika sindano anajua maana yake: upindo ulikunjuliwa. Sehemu iliyokuwa imejificha ndani haikupigwa na jua miaka ya mwanzo, na hata baada ya kufuliwa mara nyingi haikuja kulingana na nyingine.

"Niliukunjua wiki ya Krismasi," alisema. "Mwaka sitini na nane."

*

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi za mini zingepigwa marufuku, pamoja na mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana za wanaume. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili, na vijana wa chama waliona kwamba taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuendelea kuvaa ukoloni.

Marufuku ilikuwa na tarehe ya kuanza, lakini mtaani hawakuisubiri. Oktoba hiyohiyo, Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake kwenye mabasi. Waliovaa sketi fupi au gauni za kubana walivutwa nje, wakapigwa na kuraruliwa nguo, mpaka polisi wakaingilia kati. Bibi hakuwepo. Alikuwa ofisini, na basi lake la jioni lilipita njia ileile mambo yakiwa yametulia. Lakini habari ilimtangulia nyumbani. Alimkuta mama yake amesimama mlangoni, kanga mkononi, na kabla hajasalimia akafungwa ile kanga kiunoni kama mtoto.

Sketi ya mini ilikuwa imetoka mbali. Mary Quant alifungua duka lake, Bazaar, kwenye barabara ya King's Road jijini London mwaka 1955, na Paris walikuwepo kina André Courrèges. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 goti lilikuwa nje katika miji mingi ya dunia. Dar ililipokea kupitia sinema, magazeti na mafundi waliojua kutazama picha na kukata kitambaa bila kuuliza kipimo. Bibi alijishonea yake mwenyewe. Akaacha upindo mpana, kama alivyofundishwa na mama yake, kwamba nguo nzuri lazima iwe na akiba ndani.

Barua kuhusu Operesheni Vijana zilimiminika magazetini. Waliounga mkono waliandika juu ya heshima, utu wa Mwafrika na hila za mabeberu. Waliopinga waliuliza maswali magumu. Ikiwa cha kigeni ni kibaya, mbona suti na tai zimesalimika? Na vazi la asili ni lipi hasa, ilhali wengi wa mababu zetu walivaa ngozi na magome ya miti, vifua wazi? Kulikuwa na jambo jingine lililowapa nguvu: kipindi hichohicho viongozi walikuwa wakiwashinikiza Wamasai waache lubega na kuvaa suruali. Msichana wa Dar aliambiwa yuko uchi kwa sababu ameiga Ulaya, na Mmasai aliambiwa yuko uchi kwa sababu hajaiga.

Mwanahistoria Andrew Ivaska, katika kitabu chake Cultured States cha mwaka 2011, anaonyesha kwamba ugomvi huo ulibeba pia wasiwasi juu ya wanawake vijana wa mjini wenye kazi na mshahara. Ninapolisoma hilo namwona bibi: msichana wa miaka 21, mwenye nauli yake, anayeondoka asubuhi na kurudi jioni bila kuomba ruhusa kwa kijana anayeshinda kijiweni. Sketi ilikuwa rahisi kuinyooshea kidole kuliko mshahara.

Niliyasoma haya nikiwa chuo, nikahamaki kwa niaba ya bibi bila kumuuliza lolote. Ndiyo maana, sketi ya chungwa ikiwa mapajani mwangu, nilimuuliza swali ambalo leo naona lilikuwa na kiburi ndani yake.

"Kwa nini uliikunjua? Kwa nini hukukataa?"

Hakunijibu. Aliniuliza kama nimekula.

*

Tulikula wali na samaki wa kupaka, feni ikizungusha joto lilelile. Katikati ya chakula alisema, "Unafikiri hao ndio wa kwanza kutupangia?"

Bibi yake yeye alizaliwa Unguja, binti wa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa. Mama huyo mzee alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: kaniki isivuke kizingiti, hata kama ni ya kudekia.

Kaniki ilianza kama merikani. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini na Sayyid Said mkataba wa biashara, na meli za Salem, Massachusetts, zikaleta pwani yetu kitambaa cha pamba kisichopaushwa kwa wingi kiasi kwamba nguo ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Iliyochovywa rangi nzito ya nili ndiyo kaniki. Katika Unguja ya karne ya 19 hayo ndiyo yalikuwa mavazi ya watumwa: kipande cha merikani au kaniki mwilini, kichwa wazi, miguu peku. Mpita njia alikutazama mara moja tu, akajua wewe ni wa nani.

Mwishoni mwa karne hiyo wanawake wa pwani walifanya jambo ambalo hakuna kiongozi aliyewaagiza. Walinunua leso zilizochapwa maua, neno lenyewe likiwa limetoka kwa Wareno, zikiwa bado hazijatenganishwa kwenye jora. Walikata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana yenye rangi kila upande. Wafanyabiashara walipoona wateja wanavyofanya, wakaagiza nguo ya aina hiyo ichapwe nzima. Ndiyo kanga. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilijulikana pwani nzima kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla".

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliikimbilia kanga. Laura Fair ameeleza vizuri katika Pastimes and Politics jinsi walivyotupa merikani na kaniki, wakavaa rangi, wakafunika vichwa, na baadaye wakavaa buibui lililokuwa alama ya wenye hadhi. Walitaka kuonekana watu huru. Mama mzee aliyeikataza kaniki kizingitini alikuwa analinda kitu ambacho mama yake alikilipia.

Nilikuwa nimeifahamu historia hiyo kama habari ya heshima na siasa. Mchana ule, jasho likinitoka mgongoni huku bibi amekaa mbele yangu na kanga yake mkavu kabisa, ndipo niliona upande wake mwingine. Kanga hufika kwenye vifundo vya miguu. Kwa kipimo cha Operesheni Vijana ingefaulu bila swali. Na bado sijamsikia mwanamke anayeilalamikia kwa joto.

*

Jasho peke yake halimpozi mtu. Kinachompoza ni jasho kukauka, kwa kuwa likikauka linaondoka na joto la ngozi. Hewa ikishashiba maji, kama ilivyo Dar, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, jasho halina pa kwenda. Linatiririka tu. Msaada unaobaki ni upepo: kuiondoa hewa iliyolowa karibu na ngozi na kuleta nyingine.

Hapo ndipo mshono unapoingia. Nguo pana iliyo wazi chini hufanya kazi kama mvukuto wa mhunzi. Kila hatua inasukuma hewa nje na kuvuta nyingine ndani. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho meusi ya Wabedui. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lililoifikia ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu lile la ziada lilichukuliwa na upepo unaopita ndani ya joho. Jangwa ni kavu na pwani ni mbichi, lakini somo la upana linatufaa zaidi sisi, ambao jasho letu linahitaji kusukumwa ndipo likauke.

Halafu kuna kitambaa. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Sketi ya waraka wetu ilikuwa poliesta juu, poliesta kwenye bitana, nailoni miguuni. Nilikuwa nimevaa plastiki tatu, mdomo umefungwa.

Na kuna ukweli ambao hata upande wangu hatuupendi. Sketi fupi si lazima iwe ya baridi. Mini ya kubana ya kitambaa cha plastiki hupoza miguu tu, huku kiuno na nyonga vikichemka. Kanga ndefu huishinda. Kwa hiyo ugomvi wa 1968 ulihusu urefu, na urefu ndio usiomsaidia sana mvaaji kwenye joto, wala kumdhuru sana.

Ugomvi haukuisha hapo. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka 1973 ya kukataza sketi zilizoacha magoti wazi na suruali kwa wanawake, ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kituoni, hadharani. Kariakoo ya 1968 ilikuwa imerudi, safari hii ikirekodiwa kwa simu. Juni 2021, Dodoma, mbunge mwanamke alitolewa ndani ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali yake. Kila mara kuna anayepima, na anayepima si yule anayevaa.

*

Alasiri bibi alinirudia. "Ulidhani nimelisahau swali lako."

Aliichukua sketi, akaigeuza ndani nje, akanionyesha pembeni. Sikuwa nimeona. Kila upande mshono ulikuwa umefumuliwa na kuingizwa kipande cha pembetatu, chungwa pia, lakini la kitambaa kingine kidogo. Kabla ya Desemba 1968 sketi hiyo ilikuwa fupi na nyembamba, kama zile za kwenye picha. Usiku alioukunjua upindo aliipanua pia, ikawa kama nusu solo.

"Wao walipima urefu," alisema. "Upana hawakuuliza. Zamani nilikuwa natembea hatua za kuku. Baada ya hapo nilikuwa nalikimbilia basi na nalipata."

Nilifurahi mno. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, shujaa wangu mwenye sindano, na nadhani alikiona usoni mwangu, kwa sababu aliinua kidole.

"Usiende kuandika kwamba nilishinda. Nilikuwa naogopa. Mwaka mzima nilitembea na mkoba nimeubana hapa," akaweka mikono mapajani. "Kukataa ni kwa mwenye gari. Mimi nilipanda basi. Na nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu wawili wakingoja mwisho wa mwezi."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Waliovutwa Kariakoo walivutwa kutoka kwenye mabasi. Aliyekuwa na dereva alipita na mini yake salama. Hadi leo waraka wa mavazi unaandikwa na anayetoka kwenye gari lenye kiyoyozi akaingia kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na unamkuta aliyesimama daladala, bega kwa bega, madirisha yamekwama.

Kisha akaingia kwenye ufundi, kwa sababu kwake huruma ni kazi. Nikatafute pamba nyeusi isiyo nzito. Kiuno kisiwe cha lastiki nyembamba inayochimba, kiwe mkanda mpana wa kitambaa wenye vifungo viwili, mmoja wa asubuhi na mwingine wa baada ya chakula. Bitana iwe ya pamba nyepesi na iishie mapajani, kazi yake ni kuzuia mwanga na haina haja ya kufika chini. Au niache bitana kabisa nivae gagulo la pamba, ambalo naweza kulifua kila siku bila kufua sketi. Ndani, bukta ya pamba ya kufika nusu paja, ndiyo dawa ya kuchubuka. Kijivu nikikwepe, kinatangaza kila tone la jasho. Nyeusi, nyeupe na maua vinaficha. Na nisipande daladala bila kanga ya kukalia, kwa kuwa siti ya plastiki inashika sketi kama gundi.

"Na juu vaa blauzi ya kuchomekea," alimalizia. "Sketi pana bila kiuno inakufanya uonekane mgonjwa."

Jioni tuliandika jibu la barua ya onyo. Niliandika mimi, akasahihisha yeye. Alifuta sentensi mbili za hasira, akaniachia moja. Nilieleza harara, nyuzi za joto na siku za umeme kukatika. Nikaomba waraka uondoe soksi na neno "iliyonyooka". Mkono wangu ulitetemeka kidogo nilipoikabidhi kesho yake, kwa sababu mimi pia kuna wanaongoja mwisho wangu wa mwezi.

Soksi ziliondolewa mwezi Aprili, mvua zikiwa zimekwisha kulipunguza joto. Neno "iliyonyooka" bado lipo. Mimi navaa nyeusi ya pamba, yenye bitana, iliyopita goti, na upana wa kutosha kupita hewa. Hakuna aliyenirudisha tena nyumbani. Wenzangu watatu wamemwendea fundi yuleyule, na sasa mifuko anaiweka bila kubembelezwa.

Sketi ya chungwa nilipewa. Nilimwomba ruhusa fundi aurudishe upindo pale ulipokuwa mwaka 1968, vidole vinne juu ya goti. Bibi alikataa. "Acha kama ilivyo," alisema, na hakueleza.

Huivaa siku za Jumamosi. Majuzi, kituo cha Magomeni, msichana mmoja aliniita akitazama ule mkanda wa rangi inayowaka juu ya pindo.

"Dada, umependeza. Huo urembo wa chini umewekewa wapi?"

Nilimwambia ni wa bibi yangu. Kisha basi likaja, tukakimbia wote wawili.